Nyota zangu zinatoka kama punje za mchele. Ninunue darubini?

Swali limetoka kwa nesi anayeishi Mamboleo, Kisumu. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Nina kamera ya DSLR ya mtumba, ile lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na tripodi. Nikitoka zamu ya jioni huwa sina usingizi, basi nakaa uani napiga picha za nyota. Huu ni mwezi wa sita tangu nianze. Nyuma ya ploti yetu kuna mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, kwa hiyo anga linatoka la kahawia. Nyota zinatoka kama punje za mchele, na zile tatu za Jabari (Orion) ambazo mtoto wangu anazipenda zimekuwa vistari. Nimefuata kanuni ya 500 kama nilivyoelekezwa. Wenzangu wanasema mambo haya ni ya watu wenye darubini za bei kali na mashamba yenye giza. Nimeweka akiba ya shilingi elfu thelathini. Ninunue darubini, au niache tu?"

Dada yangu, usiache. Na darubini usinunue, angalau mwaka huu. Hiyo elfu thelathini ina kazi nyingine, nitaifikia.

Kwanza picha uliyonitumia. Nimeifungua kwenye laptopu nikaivuta mpaka pikseli zikaonekana moja moja. Nyota zote zina vimkia vya urefu mmoja, vimenyooka, vinaelekea upande mmoja. Hiyo ni habari njema kuliko unavyodhani. Lenzi ikikosa fokasi, nyota huvimba ikawa kama andazi. Tripodi ikitikisika, kimkia hujikunja kama ndoana. Vyako vimenyooka. Maana yake fokasi umeipata, tripodi imetulia, na kilichosogea ni dunia peke yake. Hayo mawili huwashinda wengi wanaoanza, nawe umeyajua bila mwalimu.

Kosa liko kwenye ile kanuni. Inasema ugawe 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde za kupiga picha moja, na kwa kamera yenye kihisi kidogo kama yako (kihisi ni kile kipande kinachopokea nuru ndani) uzidishe kwanza urefu huo kwa 1.5. Milimita 18 inakuwa 27, jibu linatoka kama sekunde 18. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu, na haiulizi umeelekeza kamera wapi. Nyota zilizo karibu na ncha za anga huzunguka kwa miduara midogo, kwa hiyo husogea polepole. Zilizo juu ya ikweta ya anga, ule mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, husogea kasi kuliko zote, na ukanda wa Jabari, yaani zile nyota tatu, umekaa papo hapo juu ya ikweta. Kwa kamera yako, kwenye milimita 18, nyota ya hapo huvuka theluthi ya pikseli kila sekunde. Sekunde 18 ni pikseli sita: huo ndio mchele wako. Kwenye milimita 55 huvuka pikseli nzima kila sekunde. Kwa hiyo kwenye milimita 18 usizidi sekunde 10, na kwenye milimita 55 usizidi 3. Andika kwenye karatasi ubandike chini ya kamera.

Najua utauliza: sekunde tatu zitaonyesha nini? Ukitazama picha moja, karibu hakuna kitu. Na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wanaitarajia picha moja ifanye kazi ya picha mia nne.

Nuru ya nyota tunaikusanya kama pesa za chama. Mchango wa siku moja hauwezi kununua hata kiti, lakini hakuna anayeutupa. Piga picha 400 za sekunde 3 kila moja, hizo ni dakika 20 za nuru, kisha uzipe programu izipange nyota juu ya nyota na kuchukua wastani. Chenga zinazoharibu picha ya usiku huanguka ovyo, kila picha mahali pengine, kwa hiyo zikikutana zinafutana. Nyota hukaa pale pale, kwa hiyo inabaki. Picha 100 hupunguza chenga mara 10. Picha 400 mara 20. Programu zenyewe ni za bure: Siril, au DeepSkyStacker kama laptopu yako ina Windows. Piga kwa faili ghafi, ile RAW, usitumie JPEG. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea nuru, iweke 1600. Kabla ya kuingia ndani, funika lenzi na kifuniko chake upige nyingine 20 kwa muda ule ule. Programu itazitumia kujua kasoro za kihisi chako na kuziondoa.

Rangi ya kahawia nayo huondolewa hapo hapo. Mwanga wa mji umetandaa kama shuka, nyota imekaa juu ya shuka. Siril ina sehemu ya kulipima shuka hilo na kulitoa. Sitakuficha, shuka likitolewa huacha chenga zake nyuma, kwa hiyo mtu wa mjini anahitaji saa nyingi kuliko mtu wa kijijini ili wafike mahali pamoja. Lakini wewe uko uani kwako kila usiku, na huyo wa kijijini labda unamfikiria tu. Saa nyingi unazo. Mulika mwizi ikae mgongoni mwako, simama kwenye kivuli cha nyumba au cha tangi la maji, na uizungushie lenzi karatasi nyeusi ya manila itokeze mbele kama kiganja juu ya macho.

Sasa nikueleze kitu ambacho vitabu vingi vya kazi hii havikiambii, kwa kuwa viliandikwa na watu wanaokaa mbali na ikweta. Ua wako ni mali.

Ile nyota ya kwanza kuchomoza kati ya zile tatu za mtoto wako inaitwa Mintaka. Hapa Nakuru hupita karibu kabisa juu ya utosi. Nikilala chali karibu na kamba ya nguo, iko juu ya pua yangu. Kwako Kisumu hukosea utosi kwa kiasi kisichofika nusu ya upana wa mwezi. Na juu ya utosi ndipo mahali pazuri kuliko pote katika anga la mji. Mwanga wa taa hujazana chini, karibu na paa za watu. Hewa nayo ni nyembamba zaidi ukitazama juu: nyota iliyo digrii 30 kutoka upeo huonekana kupitia hewa mara mbili ya ile iliyo utosini. Kwa hiyo kitu kizuri kuliko vyote vya kuanzia, nebula ya Jabari, lile wingu la gesi linalozaa nyota umbali wa miaka nuru kama 1,300, linakuja lenyewe mpaka mahali pasafi pa anga lako. Limekaa chini kidogo ya ukanda, na ni ng'avu kiasi kwamba hata mji hauwezi kulizima.

Tena sisi tunaona pande zote mbili. Jioni za Aprili na Mei, mvua ikikubali, Dubu Mkubwa huwa kaskazini na Salibu (Msalaba wa Kusini) kusini kwa wakati mmoja. Mtu wa London hataiona Salibu maisha yake yote akibaki kwao. Galaksi ya Andromeda, iliyo miaka nuru milioni 2.5 kutoka hapa, utaipata kaskazini miezi ya Novemba na Desemba, na kitovu cha Njia Nyeupe kitapanda digrii 61 upande wa kusini jioni za Agosti.

Ikweta ina ugumu wake pia. Ukitaka kamera iifuate nyota badala ya kuipisha, lazima uizungushe kwa mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia. Wa kaskazini huelekeza chombo kwenye nyota ya ncha basi, kazi imekwisha. Kwetu ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, nyuma ya ukuta wa jirani na ukungu wa ziwa. Huwezi kuziona. Nilihangaika na jambo hili karibu mwaka mzima, nikisoma maelekezo yaliyoanza na "tafuta nyota ya ncha", mpaka siku fundi mwashi alipokuwa akijenga choo cha nje hapa kwangu nikamwona anaweka pima maji juu ya tofali. Nikasimama pale nikiitazama ile povu ikitulia katikati. Kama ncha imelala kwenye upeo, mhimili wangu unatakiwa ulale tu. Hakuna pembe ya kupima. Kisumu iko sehemu ya kumi ya digrii kusini ya ikweta, Nakuru sehemu tatu za kumi. Pima maji ya fundi inatosha.

Kunabaki kujua kaskazini halisi. Dira ya simu hudanganywa na nondo na mabati, kwa hiyo tumia timazi. Funga uzi wa mita mbili wenye kitu kizito kwenye boriti, uninginie, na ungoje jua lifike katikati ya safari yake. Kwa Kisumu si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45, nawe uko karibu na 34.75, kwa hiyo adhuhuri yako kwa wastani ni saa sita na dakika 41, na husogea kwa robo saa hivi mwaka unavyokwenda. Programu ya Stellarium, ya bure pia, itakupa dakika ya siku hiyo. Dakika hiyo ikifika, kivuli cha uzi kinalala kaskazini-kusini barabara. Piga misumari miwili juu ya kivuli, hutahitaji kupima tena. Fanya hivyo Juni au Desemba, kivuli kikiwa na sentimita themanini na zaidi. Machi na Septemba jua liko utosini, kivuli kinajificha miguuni mwa uzi.

Basi akiba yako iende hapa. Kwanza lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la nuru ni pana), ya mtumba. Ifunge kidogo mpaka f/2.8 ili nyota za pembeni zisitoe mabawa. Hata hapo kila pikseli itapata nuru mara nne ya ile inayopata kwenye lenzi yako ya sasa ikiwa milimita 55 kwa f/5.6. Pili, nenda kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye wakutengenezee mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba imara. Bolti ya M6, ile ambayo jino na jino vinaachana milimita moja, ipite kwenye nati iliyozamishwa katika ubao wa chini, umbali wa milimita 228 na nusu kutoka katikati ya pini ya bawaba. Ukiizungusha bolti mzunguko mmoja kwa dakika, ubao wa juu unafunguka kwa kasi ile ile dunia inayozunguka. Robo mzunguko kila sekunde 15, kwa mkono, ukitazama saa. Muundo huu ulichapishwa na Mskoti George Haig mwaka 1975 na watu bado wanautumia. Kwetu unakaa vizuri kuliko kwao: ubao wa chini umelala kwa pima maji, pini ya bawaba iko juu ya mstari wa misumari yako, bawaba zikiwa magharibi na bolti ikiinua upande wa mashariki. Usizidi dakika kumi, kisha rudisha bolti mwanzo.

Usiogope kukosea. Ukikosa kaskazini kwa digrii nzima, kwa lenzi ya milimita 50 nyota itateleza kama pikseli moja kwa dakika. Kutoka sekunde tatu utafika dakika moja, hata mbili. Nilipoona picha yangu ya kwanza ya dakika mbili yenye nyota za duara, nilienda kumwamsha mke wangu.

Siku ukija kununua kifaa cha dukani cha kufuata nyota, muulize muuzaji swali moja kabla ya mengine: mhimili unalala mpaka sifuri? Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta. Havishuki, au vikishuka uzani wake wa kusawazisha unagonga mguu wa tripodi.

Kuhusu darubini nasema kwa uchungu. Ya kwanza niliinunua kwenye duka moja mjini, boksi limeandikwa inakuza mara 525. Kioo chake kilikuwa cha milimita 60. Kioo hutoa ukuzaji wenye manufaa kama mara mbili ya milimita zake, yaani 120, na zaidi ya hapo ni ukungu mkubwa tu. Miguu yake ilitetemeka nikipumua. Mwezi ulionekana vizuri, pete za Zohali niliziona kidogo, lakini kufunga kamera pale haikuwezekana kabisa. Kwa elfu thelathini utauziwa kitu cha namna hiyo, na nina hakika utaacha. Mwezi unaweza kuupiga kwa lenzi uliyo nayo.

Hali ya hewa unaijua kuliko mimi. Mchana upepo wa ziwa husukuma mawingu kuelekea milima ya Nandi, jioni yanamwaga, na mara nyingi baada ya saa sita usiku anga upande wa nchi kavu hutulia. Zamu yako inakufaa. Jabari atakuwa utosini kwako saa saba usiku wiki ya pili ya Desemba, saa tano wiki ya pili ya Januari, na saa tatu wiki ya pili ya Februari. Januari na Februari ndiyo miezi ya kushika, mwezi ukiwa haupo. Mbu sikufundishi, wewe ni nesi. Unyevu ndio adui wa kamera huko ziwani: huota kuvu ndani ya lenzi kimyakimya. Kamera ilale kwenye debe la plastiki lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya kunyonya unyevu, usiirudishe kwenye mkoba wa kitambaa. Umande ukianza kushuka, funga soksi yenye mchele uliopashwa moto kuizunguka lenzi. Inashika joto karibu saa nzima.

Na waambie majirani. Huku kwetu mtu anayeonekana nje peke yake saa tisa usiku hupewa jina baya kabla jogoo hajawika. Mimi niliwaita jioni moja nikawaonyesha mwezi. Tangu hapo jirani wa kushoto huzima taa ya veranda akiona tripodi.

Uliuliza kama inafaa kuendelea, nami nimekujibu kwa hesabu tu. Niongeze hili. Mwezi wa Februari, stima ilipotea mtaa wetu wa Kiamunyi mzima, nami nilikuwa nje na ubao wangu. Mama alikuwa amekuja kutoka Bahati. Alitoka na leso mabegani akakaa kwenye stuli, akaniuliza nafukuza nini. Nikamwonyesha Kilimia, lile kundi dogo la nyota, upande wa kaskazini-magharibi. Alikijua. Alisema bibi yake hakuthubutu kutia mbegu ardhini bila kukitazama. Nikakumbuka methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huku kwetu huzama jioni mvua ya masika ikiwa bado inanyesha, mwezi wa Mei, kikachomoza tena alfajiri za Juni.

Nilikusanya dakika 90 usiku ule. Asubuhi yake nilimaliza kuzipanga, nikamwita mezani. Macho yake yalikuwa yamehesabu sita. Kwenye kioo zilikuwa mamia, na kati yake ukungu wa buluu, mwembamba kama moshi wa jikoni unaopita kwenye nyasi za paa. Aliweka kidole juu ya ule ukungu. "Hii moshi ilikuwa hapo siku zote?" Nikamwambia ni vumbi linalorudisha nuru ya nyota zile, na kwamba nuru yenyewe imesafiri zaidi ya miaka 400 kufika uani. Hakujibu. Alikaa pale chai ikapoa, akisogeza kidole kutoka nyota moja hadi nyingine kama anayetafuta mtu kwenye picha ya harusi.

Usiku wako wa kwanza bila mawingu, kabla hujanunua hata msumari, fanya hivi. Lenzi kwenye milimita 55, f/5.6, ISO 1600, sekunde 3. Vuta nyota ya Shira (Sirius), ile ng'avu kuliko zote, kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha funga pete ya fokasi kwa selotepu. Elekeza ukanda wa Jabari, piga 100, rudisha katikati, piga 100 nyingine, mpaka zifike 400. Zile 20 za kifuniko usisahau. Zitie kwenye flashi unitumie pamoja na mtu anayekuja Nakuru, tuzipange wote kwa simu. Na mtoto awe macho siku hiyo, hata kama kesho kuna shule.